Kocha Akiondoka, Klabu Hubaki na Nini?

Hotuba kwa viongozi na makocha wa vilabu vya mitaa, Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa soka, makocha, manahodha wa timu, kina mama ambao bila nyinyi jezi zisingefuliwa wala chai ya mapumziko isingechemka, vijana wetu, mabibi na mabwana, Assalam alaikum, na hamjambo nyote.

Mwenyekiti aliponipa nafasi hii alinitaka nichague jambo ambalo kila aliyemo ukumbini humu ana maoni nalo, nami sikuhitaji kufikiri sana. Nitazungumzia kuondoka kwa kocha apendwaye, na kazi ya kumpata wa kushika mikoba yake. Najua wengi wenu mlitarajia nianze na Bandari, timu yetu ya hapa Mombasa, au na timu ya taifa. Nyumbani nitafika, lakini niruhusuni nianzie Uingereza, kwa kuwa ligi ya kule ndiyo tunayoifuata wengi wetu jioni za Jumamosi kuanzia Likoni hadi Bamburi, na kwa kuwa kule mambo haya yametokea mbele ya macho ya dunia nzima, tarehe na matokeo yake yakaandikwa, kwa hiyo hatutalazimika kubishana juu ya uvumi wa barazani.

Rai yangu ni kwamba mrithi wa kocha apendwaye hufaulu au hushindwa, kwa kiasi kikubwa, kabla hajatia mguu uwanjani, kutokana na yale ambayo klabu iliyafanya au iliyapuuza wakati yule kipenzi bado yupo. Sisi mashabiki hupenda kumpima mtu: anayekuja tunamsimamisha kando ya anayekwenda, tunamwona mfupi, tunamhukumu. Ni nadra kuwapima wanaokalia viti vya kamati, nao, niseme kwa heshima kwa kuwa baadhi yao wako hapa, huwa wanashukuru kwamba hatuwapimi.

Tarehe 26 Januari 2024 kocha Jürgen Klopp alitangaza kwamba angeondoka Liverpool msimu utakapokwisha, akieleza kuwa nguvu zilikuwa zikimwishia. Mnakumbuka siku ile. Kulikuwa na watu wazima katika mji huu, wenye wake na wajukuu, walioshindwa kumaliza kahawa yao. Mtu huyu aliingia klabuni Oktoba 2015, wakati timu imekwisha kukata tamaa na ubingwa wa ligi. Akaipa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2019, na mwaka uliofuata akaipa ligi kwa pointi 99, baada ya miaka 30 ya kungoja. Hata hivyo makombe peke yake hayaelezi mapenzi yale. Guardiola, mpinzani wake wa Manchester City, alimzidi makombe, tena kwa mbali, na sijaona mzee wa Kisauni akifuta machozi kwa ajili ya Guardiola. Klopp alipendwa kwa sababu alishangilia bao kama shabiki, alimkumbatia mchezaji aliyekosa penalti, na alipozungumza na watu wa mji ule alizungumza kana kwamba timu ni yao, naye ni mtu waliyemwajiri kuwatunzia.

Sasa tuyaache mapenzi, tutazame kazi iliyofanyika. Kwanza, tangazo lilitoka mapema, karibu miezi minne kabla ya mechi ya mwisho, na uongozi ulikuwa umearifiwa hata kabla ya hapo. Pili, kabla ya kumtafuta kocha, wenye klabu walipanga ofisi iliyo juu ya kocha: Michael Edwards akarudi mwezi Machi kusimamia shughuli zote za soka, na Richard Hughes akateuliwa mkurugenzi wa michezo. Watu hao ndio waliokwenda Rotterdam kumchukua Arne Slot, aliyekuwa ameipa Feyenoord ubingwa wa Uholanzi mwaka 2023, nao hawakumchagua kwa kuwa anafanana na Klopp kwa tabia, maana hafanani naye hata kidogo. Slot ni mtulivu, husema kwa sauti ya mwalimu wa hesabu. Walimchagua kwa kuwa soka aliyoifundisha ilielekeana na wachezaji waliokuwapo.

Kisha likaja tendo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko mikutano yote ya ofisini. Tarehe 19 Mei 2024, baada ya kuifunga Wolves 2-0, Klopp alishika kipaza sauti pale Anfield, mbele ya umati uliokuwa ukimlilia yeye, akaanza kuliimba jina la Slot mpaka uwanja mzima ukaitikia. Mapenzi ya watu hayarithishwi kwa mkataba, lakini anayependwa anaweza kuwaombea wengine, na Klopp aliomba hadharani, siku ambayo hakuna ambaye angemlaumu kama angejisemea yeye mwenyewe tu. Msimu uliofuata Slot alitwaa ligi zikiwa zimesalia mechi nne, na mchezaji mmoja tu mpya, Federico Chiesa, ndiye aliyeongezwa kikosini majira ya kiangazi, naye akacheza kwa nadra. Wachezaji walikuwa wale wale aliowaacha mtangulizi wake. Nadhani mumeshaona ninakoelekea.

Tuvuke twende Manchester. Sir Alex Ferguson aliingia United tarehe 6 Novemba 1986 na akatangaza kustaafu tarehe 8 Mei 2013, akiwa ameipatia klabu makombe 38, yakiwemo 13 ya ligi. Aliondoka akiwa bingwa, pointi 11 mbele ya aliyemfuata. Kwa mtazamo wa haraka, hakuna mrithi duniani aliyewahi kupokea mali iliyonona kiasi hicho.

Lakini fungueni sanduku mtazame kilichomo. Paul Scholes alikuwa anastaafu siku hizo hizo. Ryan Giggs alikuwa na miaka 39, Rio Ferdinand 34, Patrice Evra 32, na Robin van Persie, ambaye mabao yake 26 ndiyo yaliyoleta ubingwa ule, alikuwa anaelekea miaka 30. Mtendaji mkuu David Gill, aliyekuwa mshirika wa Ferguson katika ununuzi wa wachezaji, aliondoka kiangazi hicho hicho, na aliyeshika kiti chake, Ed Woodward, alikuwa mgeni katika kazi hiyo. David Moyes naye alipofika aliwaleta wasaidizi wake kutoka Everton, na wasaidizi wa zamani, Mike Phelan, René Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele, wakaondoka. Kwa hiyo katika wiki chache klabu ilipoteza kocha, ikapoteza mtendaji, ikapoteza benchi zima la ufundi, na wachezaji waliobaki ndio ambao umri ulikuwa umewafikia. Dirisha la usajili lilipofungwa, jina kubwa pekee lililopatikana lilikuwa Marouane Fellaini, tena siku ya mwisho kabisa. Hapo ndipo mechi ilipopotea. Yaliyotokea uwanjani baadaye yalikuwa taarifa tu.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa United hawapendi nilitaje. Aliyemchagua Moyes ni Ferguson mwenyewe, na wakurugenzi wakaridhia. Simlaumu Ferguson kwa kutoa rai. Aliyeijenga nyumba ana haki ya kuulizwa. Ninawalaumu waliofanya rai yake kuwa uamuzi wao, kwa sababu kamati inayomwachia kocha achague mrithi wake imekiri kwamba haijui klabu yake inahitaji nini. Zaidi ya hayo, mtu aliyetawala miaka 26 huona sifa za kazi kwa kioo chake mwenyewe: alimwona Mskochi mwenziwe, mchapakazi, mwenye subira, aliyekaa klabu moja miaka 11, na akadhani hizo ndizo sifa zilizomfikisha yeye pale.

Na hali aliyoikuta Moyes! Stendi nzima ya Old Trafford ilikuwa imekwisha kupewa jina la Ferguson, sanamu yake imesimama nje, na mwenyewe ameketi kwenye viti vya wakurugenzi, kamera zikimtafuta kila timu ilipofungwa. Moyes alikuwa bi harusi aliyeletwa katika nyumba yenye picha ya mke wa kwanza kila ukuta, na mke wa kwanza mwenyewe yupo sebuleni anakunywa chai. Mashabiki walitundika bango la kumwita Mteule. Mwezi Machi 2014 wengine wakakodi ndege ipite juu ya uwanja ikikokota maandishi ya kumtaka aondoke. Tarehe 22 Aprili 2014 alifutwa, miezi 10 ndani ya mkataba wa miaka sita, na timu ikamaliza ya saba. Tangu hapo wamepita Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag na wengineo, makocha wa kila aina na kila hasira, na ubingwa wa ligi haukurudi. Mnaweza kumwita Moyes dhaifu. Je, na hao wengine wote?

Klabu ile ile ilikuwa imeshapata funzo hilo. Matt Busby, aliyeijenga upya baada ya ajali ya ndege ya Munich ya mwaka 1958 na kuifikisha kwenye Kombe la Ulaya mwaka 1968, aliacha ukocha mwaka 1969 akabaki na cheo cha meneja mkuu. Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31, akapewa timu iliyojaa watu aliowahi kucheza nao. Kufikia Desemba 1970 alikuwa ameondolewa, Busby akarudi kushika timu kwa muda, na mwaka 1974 United ikashushwa daraja. Ya Arsenal baada ya Arsène Wenger nitayapita, si kwa dharau. Unai Emery, aliyemrithi, alidumu mwaka mmoja na nusu, na mnayajua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka ule ule wa 1974, kwa sababu ndani yake mna mafanikio makubwa na uchungu mkubwa kwa pamoja. Tarehe 12 Julai, Bill Shankly, aliyeikuta Liverpool daraja la pili mwaka 1959 na kuifanya kuwa klabu inayoogopwa, alijiuzulu ghafla. Hakukuwa na maandalizi ya miezi minne. Klabu ikamgeukia Bob Paisley, ambaye alikuwapo tangu 1939: alicheza, akawa mtu wa kutibu majeraha, akawa mkufunzi, akawa msaidizi. Paisley hakuitaka kazi ile. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa waandishi wa habari, na msimu wake wa kwanza hakupata kombe lolote. Msimu wa pili alipata ligi na Kombe la UEFA. Alipostaafu mwaka 1983 alikuwa na ligi sita na Makombe ya Ulaya matatu, kombe ambalo Shankly mwenyewe hakuwahi kuligusa, na aliyemfuata, Joe Fagan, akatwaa makombe matatu katika msimu wake wa kwanza.

Siri ilikuwa nini? Pale Anfield palikuwa na chumba kidogo cha kuwekea viatu, ambamo wasaidizi wa Shankly walikuwa wakikutana baada ya mazoezi na baada ya mechi, wanakunywa, wanabishana, na wanaandika. Waliweka madaftari ya mazoezi ya kila siku: kilichofanywa, walioumia, mambo yalikwendaje. Mchezaji alipopata maumivu mwezi Februari, walifungua daftari la Februari za nyuma. Shankly ndiye aliyekuwa sauti na uso wa klabu, na Mungu alimjalia sauti, lakini elimu ya klabu ilikuwa imeenea katika vichwa vya watu wanne au watano na katika karatasi. Alipoondoka, sauti ilikwenda, elimu ikabaki.

Uchungu ni huu. Shankly hakujua aende wapi. Aliendelea kufika uwanja wa mazoezi wa Melwood, na wachezaji wakaendelea kumwita bosi, mbele ya Paisley. Hali ile haikuweza kuendelea, na mwishowe ikadhihirika kwamba hakaribishwi tena. Akaumia moyo kwa namna ambayo hakuificha mpaka alipofariki mwaka 1981. Nimelifikiria jambo hili sana, na sioni mkosaji mmoja. Paisley alihitaji nafasi ya kufanya kazi. Shankly alihitaji mahali pa kuwa. Kamati, ambayo ndiyo pekee iliyoweza kuwapa wote wawili walichohitaji, haikuketi mapema kuamua mzee atakaa wapi, atakuja siku gani, ataitwa nani. Iliacha adabu na aibu zifanye kazi ya uongozi.

Mtu ataniuliza: mbona Slot naye alianguka? Ni kweli kwamba msimu wa 2025/26 Liverpool ilitumia fedha nyingi mno, ikaleta wachezaji wapya wengi, na kufikia Novemba 2025 ilikuwa imefungwa 3-0 nyumbani na Nottingham Forest, na siku chache baadaye 4-1 na PSV, pale pale Anfield. Timu hiyo ilikuwa pia imebeba msiba wa Diogo Jota, aliyefariki mwezi Julai, na sitaki kuupima msiba kwa pointi. Ninachosema ni kwamba urithi una mwisho wake. Mwaka wa kwanza kocha mpya hula alichoachiwa. Kuanzia wa pili hula alichopanda yeye na waliomwajiri, na hapo kamati inapaswa kupimwa upya.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1965 bingwa wa ligi ya taifa ya Kenya alikuwa Feisal, timu ya Mombasa. Siku hizo mji huu ulikuwa hata na Liverpool yake wenyewe, na waliokuwapo wataniunga mkono. Leo mtoto wa Tononoka anaijua Liverpool moja tu. Timu zile hazimo tena katika ligi kuu. Bandari imo, na sababu moja iko wazi: nyuma yake ipo Halmashauri ya Bandari, kwa hiyo iko ofisi, iko bajeti, uko uwanja wa Mbaraki. Chini ya Bernard Mwalala Bandari ilimaliza ligi katika nafasi ya pili misimu miwili mfululizo, ikatwaa Ngao ya shirikisho la soka mwaka 2019 na kuiwakilisha Kenya barani. Mwalala aliondoka, makocha wengine wakaja wakaenda, na ubora umepanda na kushuka kama mnavyojua, lakini Jumatatu asubuhi timu bado ina mazoezi.

Vilabu vyetu vya mitaa havina halmashauri nyuma yao. Vina mtu mmoja. Mipira iko chini ya kitanda chake. Nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya wachezaji zimo kwenye bahasha yake. Yeye ndiye aliyezungumza na mwalimu wa madrasa ili vijana wafike uwanjani baada ya alasiri bila ugomvi. Yeye ndiye anayejua ni kijana gani ana pumu, ni yupi hajala tangu jana, ni mama wa nani asiyetaka kusikia habari za mpira. Tunampenda mtu huyo, na ni haki yake. Kisha siku moja anapata kazi Doha, au anahamishwa bara, au afya inamgomea, na ndani ya miezi mitatu klabu yenye miaka kumi imekuwa hadithi. Tunasema vijana hawana nidhamu. Tunasema kocha mpya hana mvuto. Hakuna anayeuliza kwa nini bahasha ilikuwa moja.

Mtaniambia Liverpool wana fedha, na mtakuwa mmesema kweli. Daftari la kurasa mia, hata hivyo, halina bei ya kututisha. Ninachoomba ni kwamba kila klabu iliyomo humu iwe na daftari la mazoezi linalokaa kwa katibu, si kwa kocha, na kwamba kocha alijaze kila wiki hata kwa mistari mitano. Msaidizi apewe mechi mojamoja asimamie peke yake, kocha akiwa jukwaani na mdomo umefungwa, ili wachezaji waizoee sauti nyingine kabla hawajalazimika. Kocha anayeona safari inakaribia aseme mapema, na kamati isimfanye msaliti kwa kusema, kwa maana wengi huficha habari mpaka wiki ya mwisho kwa kuogopa nyuso zetu. Rai yake kuhusu mrithi isikilizwe, kisha kamati iamue, na iweze kuueleza uamuzi wake mbele ya wanachama bila kujificha nyuma ya jina lake.

Kuhusu aliyeondoka, nashauri yasemwe waziwazi mambo ambayo Liverpool ya 1974 haikuyasema. Aagwe kwa mechi na dua, apewe kiti chake siku za mashindano, vijana wafundishwe kumsalimu. Lakini msimu mmoja mzima asikae benchi wala asiite wachezaji pembeni, ila kocha mpya akimwalika. Najua litakuwa gumu. Katika mji huu mzee hafukuzwi barazani, na sisemi afukuzwe. Nasema kamati imweleze yeye mwenyewe, nyumbani kwake, kabla ya msimu kuanza, ili asije akaambiwa na mtoto wa juzi mbele ya watu.

Nanyi mashabiki, mkitaka kumpima kocha mpya katika miezi yake ya kwanza, msianze na mabao. Hesabuni vijana wanaofika mazoezini Jumanne ya mvua. Tazameni kama wachezaji wa akiba bado wanajua kazi zao. Mkiona idadi inapungua, semeni, na semeni kwa kamati kwanza.

Mwenyekiti, naomba suala la madaftari na la wasaidizi liwekwe kwenye ajenda kabla ya usajili wa msimu ujao, na kila klabu ilete jina la msaidizi wake kwa maandishi. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali, hata ya wale wa Arsenal.